Gari Linalotoa Jasho

Mtaani palikuwa na mwanamume aliyeitwa Mwenyewe. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alijibandika kwa mdomo wake, maana kila alipoulizwa fundi wa gari lako nani, alijibu, "Mwenyewe." Nani kakutengenezea bomba hili linalomwaga maji ukutani? Mwenyewe. Nani kapiga plasta ukuta huu uliopinda mgongo? Mwenyewe. Watu wakachoka kuuliza, wakabaki na jina.

Kazi yake ilikuwa kukodisha viti vya plastiki na meza kwa wenye shughuli, naye akivipeleka na kuvirudisha kwa gari lake. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la pua bapa, aina zile ambazo waliozitengeneza walikosa pa kuweka injini, wakaona waitie chini ya kiti cha mbele, abiria aiatamie kama kuku. Ukitaka kuitazama injini sharti abiria ashuke, kiti kiinuliwe kama kifuniko cha sanduku. Hata pale pa kutilia maji ya rejeta palikuwa humo humo, chini ya makalio ya mtu.

Rejeta, kwa asiyejua, ni kile kitangi cha bati chenye vijibomba vyembamba, maji yanapita humo yapoe kisha yarudi kuipoza injini. Maji yakipungua gari linachemsha, na likichemsha sana ndiyo basi tena. Hayo si elimu ya kukaa darasani, hata anayepika chai anayajua. Mwenyewe naye aliyajua. Ila gari lake yeye lilikuwa halivuji. Linatoa jasho.

Kila asubuhi chini ya ile pua palikuwa na kidimbwi cha kijani, maana maji aliyotia yalikuwa ya dawa, yale wanayoita kulanti. Mwanzo alikuwa akimwaga mchanga juu yake kabla majirani hawajaamka. Kidimbwi kilipozidi mchanga, alichukua beseni la mkewe la kufulia akalitega chini, na asubuhi akawa anayarudisha maji yale yale ndani ya rejeta. Akajiona mtu wa akili sana.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "gari lako limekojoa tena."

"Ni jasho."

"Jasho! Limelala usiku kucha, jasho la nini?"

"Kwani wewe ukilala hutoki jasho?"

Mkewe alilitazama beseni, akamtazama mume. "Hilo beseni usinirudishie. Muoane nalo."

Basi wanaume wa mtaa wakawa wanakuja kuangalia. Mnawajua wanaume wakiona injini wazi. Hawaitwi, wanakuja. Wanasimama mkono kiunoni, wanainama, wanasema "mmh", wanasimama tena. Hakuna anayegusa kitu. Aliyezidi wote kwa "mmh" alikuwa kinyozi wa pale kwenye kona, mtu ambaye hajapata kuwa na gari wala pikipiki, lakini alikuwa na dawa ya kila gari lililopita mbele ya kioo chake.

"Hilo tundu dogo hilo," kinyozi alisema. "Chukua sabuni ya kipande, usugue kwa nje, linaziba."

Mwenyewe akasugua sabuni. Siku hiyo gari likatoa povu njia nzima, watoto wakalikimbilia.

"Basi pilipili manga," kinyozi akasema. "Itie humo kwenye maji. Punje zinakwenda zenyewe mpaka kwenye tundu, zinakaa."

"Zitalijuaje tundu?" akauliza mkewe Mwenyewe, aliyekuwa akipita na ndoo.

"Shemeji, mambo ya magari haya."

Pilipili manga ikaingia. Gari likawa linanukia kama jiko la sherehe, na kidimbwi kikabaki pale pale. Fundi wa rejeta alikuwepo, tena si mbali, na bango lake limeandikwa kwa herufi kubwa hata asiyesoma anaona rejeta iliyochorwa. Lakini kwenda kwa fundi ni kusema linavuja. Na neno hilo Mwenyewe alikuwa hajalitamka. Angemeza msumari kwanza.

Sasa Mwenyewe alikuwa na mama mkwe, na huyo naye mbegu ileile. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, ukungu mweupe pande zote mbili, lakini ukimuuliza, macho yake mazima, taa za siku hizi ndizo hafifu. Alipata kulisalimia koti lililotundikwa mlangoni, likanyamaza, akalilaumu kwa kukosa adabu. Alitia sukari kwenye mchuzi akasema ndivyo alivyoutaka. Binti yake alilia naye, akambembeleza, mpaka akakubali kwenda hospitali ya macho, "lakini nakwenda kuwaonyesha kwamba siumwi."

Nani atampeleka? Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwanawe wa kiume, shemeji yake Mwenyewe, alikuwa bosi katika ofisi fulani, na amenunua gari jipya ambalo viti vyake bado vilikuwa vimevaa nailoni ya dukani. Akaja kwa mama yake, wote wamekaa sebuleni, akazungusha funguo kidoleni.

"Mama nitampeleka mimi. Gari lina kiyoyozi."

"Sipandi," mama akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Utawaambia watu. Wewe ukinibeba mpaka sokoni unatangaza. Utafika pale utasema nimemleta mama yangu kipofu, maskini. Nitakwenda na mkwe wangu."

Mwenyewe alivimba kifua, vifungo vya shati vikasikitika. Shemeji akacheka.

"Na kile kigari? Mama, kile kinavuja mpaka barabara inaota majani."

"Linatoa jasho," Mwenyewe akasema.

"Haya, bwana Jasho. Tukubaliane mbele ya mama. Gari lako likimfikisha ndani ya geti la hospitali kwa nguvu zake lenyewe, bila kusukumwa wala kuvutwa, sitalisema tena mpaka naingia kaburini. Lisipofika, unaliuza chuma chakavu wiki hiyo hiyo, na unakuja kazini kwangu. Nina nafasi ya mfungua mlango."

Mkewe Mwenyewe akamfinya mumewe asijibu, maana gari lile ndilo lililosomesha watoto na kuezeka nyumba, na kufungua mlango kwa shemeji yako kila asubuhi, akupite na mkoba, ni kitu kinachomla mtu kuanzia ndani. Lakini kumfinya Mwenyewe ni kumwongezea moto.

"Nimekubali! Na shahidi?"

"Shahidi ni mama. Atasema alichokiona, na atakalosema limekwisha."

"Nitasema nilichokiona," mama akaitikia kwa heshima zote, akiligeukia kabati, maana alidhani ndiko alikokaa mwanawe.

Jioni ya kuamkia safari, Mwenyewe akaenda kwa kinyozi roho mkononi. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, akamvuta pembeni.

"Sasa tunafika kwenye dawa kubwa. Mayai."

"Mayai?"

"Ute wa yai. Injini ikipata moto, ute unaiva pale kwenye tundu, unaziba kama saruji. Ila usiwe bahili. Tundu la jasho jingi linataka mayai mengi."

Mwenyewe hakuwa bahili. Alibeba kila yai lililokuwa jikoni, na ili asitupe kitu akatia na viini, kisha akaiwasha injini kidogo ipate moto. Mkewe aliposhika kapu tupu akamfukuza paka wa jirani kwa ufagio, paka asiye na kosa, akimwita mwizi na mtoto wa mwizi. Mwenyewe alisimama pale pale akaitikia, "Paka hawa wamezidi."

Asubuhi beseni lilikuwa kavu. Kavu kabisa! Mwenyewe alilipindua akalipiga kama ngoma.

"Umeona? Jasho limekauka!"

"Nimeona," mkewe akasema. "Ndilo linalonitisha."

Mwenyewe akamfuata mama mkwe. Mama alivaa nguo yake ya kutokea na kilemba kilichofungwa kwa ufundi, mkoba kifuani, akasaidiwa kupanda akakaa kiti cha mbele kama jaji. Shemeji alikuwa ametangulia hospitali kushika foleni, yaani kukaa kwenye benchi akiongea na simu kwa sauti.

Mwanzo wa njia gari lilikwenda kama limezaliwa jana. Mwenyewe akapiga mluzi. Lakini mayai yale, jamani, yalikuwa hayakuziba tundu peke yake. Yai halina macho. Lilipoiva liliziba na vile vijibomba vyembamba vya kupitishia maji, kimoja baada ya kingine, maji yakawa hayana pa kupita. Hawajafika mbali, mama mkwe akajisogeza.

"Mkwe, kiti hiki kina homa."

"Ni jua, mama."

"Jua limepita wapi mpaka likaja huku chini?"

Sindano ya joto ikawa inapanda. Mwenyewe alijua jambo moja ambalo kila dereva wa gari bovu analijua: ukifungua hita ya ndani, moto kidogo unatoka kwenye injini unakuja kwenu. Akaifungua yote. Nje jua linachoma, ndani hita inapuliza, na bibi wa watu amekalia injini.

"Na huu upepo wa moto?"

"Kiyoyozi, mama."

"Cha mwanangu ni cha baridi."

"Hiki ni cha wazee. Kinalainisha viungo."

Mama mkwe alijikaza kisabuni, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. Kisha akanusa. Akanusa tena.

"Mkwe. Nani anakaanga mayai?"

"Tumepita mgahawa, mama."

"Mgahawa huo unatufuata?"

Hapo moshi ukaanza kutoka pembeni ya kiti, na Mwenyewe hakuwa na pa kuupeleka. Akasimama kando ya barabara. Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaupinda mgongo kwa adabu.

"Samahani mama, naomba ushuke kidogo, niinue kiti."

"Nimekaa."

"Najua mama, lakini injini iko..."

"Najua ilipo. Naiva nayo." Akashuka, akasimama kando kwenye vumbi, mkoba kifuani. "Usifungue hicho kifuniko sasa hivi. Sufuria inayofoka hata mimi siifunui."

"Mama, hili gari nalijua mwenyewe."

Akafunga kitambaa mkononi, akageuza kifuniko cha rejeta. Kilichotoka humo hakijapata kutoka kwenye gari la mtu. Kilipaa kwa mlio, kikagonga dari, kikarudi chini: maji ya moto, povu la sabuni, na mapande ya yai la njano na jeupe yenye madoa ya pilipili manga. Bahati Mwenyewe aliruka nyuma, uso ukasalimika. Shati halikusalimika. Na pande moja lilivuka mlango likatua taratibu juu ya kilemba cha mama mkwe.

Mama mkwe alipandisha kidole, akalishika, akalileta puani.

"Yai."

"Ni dawa, mama."

"Limekolea pilipili. Bado chumvi." Akalitupa. "Mkwe wangu, gari lako linavuja."

"Linatoa..."

"Sema linavuja."

Mwenyewe alisimama pale na dumu la maji mkononi, mvuke unamzunguka, shati limepambwa viini, na bado shingo ngumu. "Mama, kwa heshima zote. Na wewe macho yako je, unaona?"

Neno lilipomtoka alitamani alirudishe. Mkwe haulizi hivyo. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Naona vizuri sana," mama akasema.

"Hili dumu la maji nililoshika lina rangi gani?"

Mama akaelekeza uso kwenye sauti yake. "Rangi ya madumu."

Wakatazamana, kama inaweza kuitwa kutazamana. Hakuna aliyecheka, ingawa mdomo wa mama ulicheza kidogo kwa pembeni. Wakangoja gari lipoe, wakakaa juu ya jiwe moja, kila mtu upande wake. Kisha maji yakaongezwa, kiti kikarudishwa, wakaenda. Wakasimama tena, mama akashuka, akapanda. Wakasimama tena. Safari ya mwisho hakungoja kuombwa, alishuka mwenyewe kama kondakta.

Ukuta wa hospitali ulikuwa tayari unaonekana, na geti, na mlinzi kwenye kiti chake, gari lilipokohoa, likatetemeka, likanyamaza. Mwenyewe alizungusha ufunguo. Likasema "tik". Akazungusha tena. Halikusema hata hilo. Aliweka paji la uso juu ya usukani. Akaona mlango wa ofisi. Akajiona ameushika, shemeji anapita na mkoba, anamwambia asante bwana Jasho.

"Mbona kimya?" mama mkwe akauliza.

"Limepumzika, mama."

Wauza miwani waliokuwa nje ya ukuta walikuja bila kuitwa, na mlinzi akaacha kiti chake, maana gari lilizuia njia ya wagonjwa. Wakaegemeza mabega nyuma. Mwenyewe akashika usukani, uso umemshuka. Na gari likaingia ndani ya geti la hospitali kimya kimya, halingurumi, likisukumwa, na mama mkwe amekaa mbele wima, mkoba kifuani, kama anayepokelewa kwa gwaride.

Wauza miwani wakarudi kwenye biashara yao. Mlinzi akarudi kwenye kiti chake, anahema. Ndipo shemeji alipotoka kwenye varanda, simu sikioni, akaiteremsha. Aliliangalia gari linavyofuka, aliangalia shati la Mwenyewe.

"Sikusikia injini," akasema.

Watu wa kwenye benchi la kungojea wakageuka wote, wenye bandeji na wasio na bandeji. Shemeji akamwendea mlinzi.

"Mzee, gari hili limeingiaje?"

Mlinzi akajifuta shingo. "Kwa getini."

"Nauliza limeingia likinguruma au limesukumwa?"

"Bosi, mimi kazi yangu kufungua. Magari siyatazami."

Shemeji akatabasamu, akamfuata mama yake pale mlangoni pa gari, akasema kwa sauti benchi zima lisikie, "Haya mama. Shahidi ni wewe. Sema ulichokiona. Gari limesukumwa, halikusukumwa?"

Mwenyewe aliinamisha kichwa. Alijua mama mkwe si mtu wa kusema uongo. Alikuwa mtu wa kubisha, jambo ambalo ni tofauti, na alikuwa ameketi pale wakati wote, mabega ya watu yakigonga bati nyuma yake.

Mama mkwe akashuka taratibu. Akaweka kilemba sawa, kikiwa bado na doa la yai. Akaubana mkoba kifuani.

"Mimi sioni," akasema.

"Huoni nini, mama?"

"Sioni. Macho haya hayaoni. Dumu siioni rangi yake, wewe mwenyewe nakuona kama nguo iliyoanikwa. Sasa utaniulizaje nilichokiona?"

Kwa miaka yote ile hakuna aliyepata kulisikia neno hilo kwa mama yule, si binti yake, si majirani, na sasa amelitoa mbele ya watu baki, mchana kweupe.

"Lakini mama," shemeji akababaika, "wewe si siku zote unasema unaona?"

"Nilikuwa nasema. Ulitaka shahidi, shahidi hakuona. Tulipatana nitakalosema limekwisha. Limekwisha."

Mwenyewe alijua neno lile limemgharimu mama mkwe nini, maana yeye la kwake alikuwa amelikalia muda wote huo, na ni jepesi kuliko hilo. Akamgeukia shemeji yake, akawageukia na watu wa benchi, kwa kuwa walikuwepo.

"Linavuja," akasema.

"Nini?"

"Gari langu linavuja rejeta. Linavuja tangu zamani. Na nimelitia mayai."

Benchi likaangua kicheko, mpaka mwenye bandeji mbili akauliza jirani yake kumetokea nini. Shemeji alicheka kuliko wote, kisha akaona mama yake hacheki, akaacha.

"Umelitia mayai mangapi?" mama akauliza.

"Yote, mama. Mke wangu anadhani ni paka wa jirani."

"Na binti yangu anapiga paka." Akanyoosha mkono, Mwenyewe akauwahi. "Nipeleke kwa daktari. Kisha hilo gari livutwe mpaka kwa fundi. Fundi, si mwenyewe. Na siku ya kutolewa bandeji nitarudi nalo, nataka niketi kiti cha mbele. Wewe," akamwambia mwanawe, bila uhakika amesimama wapi, "gari lako jipya lina kamba?"

Ndiyo hivyo, gari lenye nailoni kwenye viti likafungwa kamba, likalivuta gari la mayai barabara nzima, na bosi ndani yake amepandisha vioo asionekane. Fundi wa rejeta alipolipasua tangi aliita majirani waje waone. Akauliza kama mwenye gari anauza rejeta au chakula cha asubuhi. Kinyozi alipopata habari alisema kosa ni viini, yeye alisema ute tu.

Mama alipasuliwa macho, na siku ya kutolewa bandeji ilipofika, gari lilikuwa uwanjani pa hospitali, rejeta mpya, limeoshwa. Mama mkwe alitoka amekodoa macho, anatazama kila kitu, mti, ukuta, vidole vyake mwenyewe. Akafika mbele ya gari akasimama. Alitazama kutu milangoni, akatazama taa iliyofungwa kwa waya, akatazama ile pua iliyobonyea. Alitazama muda mrefu.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, mama."

"Hili ndilo nililopanda mbele ya watu?"

"Ndilo hilo."

Mama mkwe akavuta pumzi. "Ningekuwa naona siku ile," akasema, "ningesema liuzwe." Akapanda, akakaa kiti cha mbele, akakipapasa kama mtu anayepima mtoto homa. Hakikuwa na moto. Kabla hajafunga mlango aliinama akachungulia chini ya pua ya gari, na ardhi pale ilikuwa kavu.

"Haya, washa," akasema. "Na hita usinifungulie."